Jina la Kutajwa Nje ya Nyumba

Dar es Salaam,
11 Februari 1973

Dada Yunis,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua unamsomea kwa sauti umeegemea mlango wa jikoni, na yeye anakukatiza kila mstari kuuliza kama nimekonda. Mwambie sijakonda. Ni joto la huku tu limenikausha.

Leo sina habari, nina swali. Ofisini tunaandaa kijitabu cha afya kwa ajili ya madarasa ya watu wazima, hayo hayo unayofundisha wewe jioni. Kila ugonjwa unatakiwa uwe na jina la Kiswahili litakaloeleweka Kigoma mpaka Mtwara. Malaria haikutusumbua, kichocho hakikutusumbua. Tumekwama kwenye mkanda wa jeshi. Unaujua: malengelenge yanatoka mgongoni, yanazunguka ubavu wa upande mmoja kuelekea tumboni, yanawaka moto hata nguo haigusiki. Bwana Omari, mzee wa Pangani ninayekaa naye meza moja, anasema jina ni mkanda wa jeshi na hakuna la kujadili. Kijana mmoja aliyerudi juzi kutoka masomoni Ulaya anataka tuchukue jina la kitaalamu, tulipake Kiswahili kidogo, basi. Mwenyekiti wa kamati akauliza: kwa nini jeshi? Jeshi la nani? Akasema kila mtu aandike kwao.

Mimi nikamkumbuka Bibi. Si aliugua huu huu? Nilikuwa mdogo, nikahamishiwa kwa Mjomba Nikodemo mpaka alipopona. Nakumbuka harufu ya majani yaliyopondwa, na Mama akinifukuza mlangoni na upawa mkononi. Lakini jina la mkanda wa jeshi nililisikia kwanza shuleni, nyumbani sikulisikia hata siku moja. Muulize Mama kwa nini. Muulize pia jina lenyewe lilitoka wapi. Kitabu kinakwenda kiwanda cha uchapaji mwezi wa tano.

Siku hizi nakumbuka nyumbani kuliko zamani. Jana nilinunua pea moja sokoni, la kwetu bila shaka, limepondeka upande mmoja kwa safari. Nilikula nimesimama barabarani, mtu mzima na tai shingoni. Nikakumbuka tulivyokuwa tukiyafukia kwenye majani makavu chini ya kitanda cha Bibi ili yalainike, halafu wewe unakula ya kwangu unasingizia panya.

Mdogo wako,
Hezekia


Shume,
20 Februari 1973

Mdogo wangu Hezekia,

Marahaba. Mama naye anasema marahaba, na anasema mtu hakaushwi na joto, anakaushwa na kula hotelini.

Panya walikuwepo. Mimi nilikula mawili tu.

Barua yako ililetwa na dereva wa lori la mbao, nikaisoma kwa sauti kama kawaida yetu. Kuanzia sasa nitazisoma kwanza peke yangu. Nakuomba kitu kimoja, na usinibishie kama ulivyozoea: jina la ule ugonjwa usiliandike tena kwenye barua inayoingia nyumba hii. Andika ule, andika ugonjwa wa Bibi, andika unavyotaka, ila si hilo.

Umeuliza kwa nini hukulisikia nyumbani. Ungelisikiaje? Kwetu ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo jina halitajwi mpaka apone. Hata kitu kinachofanana nalo hakitajwi. Ile ngozi ya Baba ya kufungia suruali, iliyotundikwa ukutani tangu alipofariki, siku zile za Bibi ilivuliwa ikafichwa kwenye debe la maharage, na Baba akafunga suruali kwa kamba ya katani mwezi mzima. Ulicheka sana ukapigwa, ndipo ukapelekwa kwa Mjomba. Akipona mgonjwa, anatolewa nje, anavushwa kijito, na huko ng'ambo ndiko linatajwa, linaachwa. Wewe ulikuwa kwa Mjomba unakula viazi. Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji na kumpepea, kwa hiyo usiniambie habari za nguo kutogusika. Najua Bibi alivyokaa kifua wazi na baridi yote ile, akisema afadhali baridi.

Mchungaji akisikia nayaandika haya atanisema. Mama hujibu kwamba Mungu hakukataza mtu kunyamaza.

Habari za huku ni za kawaida. Mvua bado. Shamba la ujamaa tumepanda maharage, na katibu kata anatupigia filimbi asubuhi mpaka mbwa wamezoea. Mama hajaenda huko wiki hii. Amejipumzisha. Lile jembe lake la mpini wa mchungwa amempa Mwajuma, jirani yetu anayelima kabichi. Mwajuma alikataa, akalirudisha mlangoni, Mama akampelekea tena kwa mkono wangu. Blanketi jekundu amesema ni la binti yangu mkubwa. Sweta ulilomletea kwenye mazishi ya Baba halivai, anasema linamchoma. Analalia upande wa kulia tu siku hizi.

Ni uzee na baridi, usiwe na wasiwasi. Swali lako la jeshi nitamuuliza wakati mwingine. Sasa hivi si wakati.

Dada yako,
Yunis


Dar es Salaam,
1 Machi 1973

Dada Yunis,

Shikamoo.

Sikukasirika, ila nimeshangaa. Karatasi mbele na nyuma, na jibu hakuna. Wewe mwalimu wa watu wazima, unawafundisha kuchemsha maji ya kunywa, halafu unaniambia jina la ugonjwa lisiandikwe. Nikipeleka hilo kwenye kamati, yule kijana wa Ulaya atapata la kusema mpaka mwakani. Haya, nimekubali. Sitaliandika. Tazama nilivyo mtiifu.

Lakini sikiliza nilichokipata. Kuna daktari mmoja mzee anayetusahihisha makosa. Amenieleza kwamba Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu zosta, na zosta ni hicho hicho ambacho Baba alifungia suruali, tena hasa kile cha mwanamume anayejifunga kwenda vitani. Waingereza nao jina lao limetoka kwenye Kilatini, na huko pia ni kitu cha kujifunga kiunoni. Yaani watu ambao hawakuwahi kuonana wala kusikilizana waliutazama ubavu wa mgonjwa wakaona kitu kilekile. Nilimwambia Bwana Omari, akasema, "Sasa hao Wayunani waliambiwa na nani?" Meza nzima tulicheka.

Daktari alieleza na jingine. Bwana Omari anasema kwao watu wanaamini kwamba ncha mbili za malengelenge zikizunguka zikakutana, mgonjwa hana siku nyingi. Nafikiri hata kwetu ni hivyo, nilisikia kwa watoto wa Mjomba. Si kweli. Ugonjwa unafuata mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo upande mmoja na kuishia katikati ya tumbo. Kwa kawaida ni nusu tu. Hauna nusu ya pili ya kukutana nayo. Na haumrukii mtu kutoka nje. Ni tetekuwanga ya utotoni ambayo haikuondoka, ililala mwilini miaka yote, mtu akichoka au akizeeka inaamka. Unakumbuka tetekuwanga yetu? Mama alitupaka majivu tukafanana na mizimu, tukaenda kumtisha mtoto wa Mwajuma.

Habari ya jembe sikuielewa vizuri, lakini ni vizuri Mama apumzike, amelima vya kutosha. Yale matuta aliyolazimishwa kuchimba na Mwingereza peke yake yalitosha kummaliza mtu.

Pasaka tena haitawezekana. Kazi ya kitabu imetubana. Mwambie Mama taratibu, wewe unajua namna ya kumwambia. Najua nilisema hivyo hivyo mwaka jana.

Mdogo wako mtiifu,
Hezekia


Shume,
9 Machi 1973

Hezekia,

Nimeiandika barua hii kwa Mwajuma, juu ya gunia la kabichi, ili niweze kusema.

Ni Mama. Ndiye anayeumwa ule ugonjwa wako.

Aliamrisha nisikuambie. Alisema una kazi ya serikali na usisumbuliwe kwa ubavu wa mwanamke mzee. Nikanyamaza, nikakuandikia habari za jembe na sweta na kulalia upande wa kulia. Nilidhani utaelewa. Uliambiwa kila kitu, mdogo wangu, na wewe ukanijibu habari za Wayunani.

Malengelenge yalikuwa yameanza kutoka siku mbili kabla ya barua yako ya kwanza kufika. Hospitali ya mjini tulitaka kumpeleka, akakataa katakata. Tulikuwa tumeshashusha ngozi ya Baba, tumeshanyamaza sote. Halafu dereva akaleta barua, nikafurahi, nikasimama pale pale mlangoni unapopajua, nikaanza kusoma kwa sauti. Sikuisoma kwanza. Nikalitaja. Mstari wa nne au wa tano, sauti ikiwa juu kabisa, kama nafundisha darasani. Nilipoinua uso Mama alikuwa ananitazama. Akageukia ukutani.

Tangu siku ile hali chakula. Ninampikia uji anasema weka hapo, narudi shambani naukuta umepoa. Ugali wa bada kwa mnavu, ambao unajua haujawahi kumshinda, anausogeza kwa kidole. Amegawa vitu vyake karibu vyote. Malengelenge ya mgongoni yamekauka, ila ya mbele yamesogea mpaka yamekaribia kitovu, na kila asubuhi ananiuliza yamefika wapi. Yale maneno ya nusu niliyasoma peke yangu, kisha nikamweleza bila kutaja jina. Akasema, "Daktari huyo ameniona mimi?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Juzi mwenyewe alinituma nimwite Mjomba Nikodemo. Mjomba alikuja na fimbo yake, akakaa, akasema jambo liko wazi. Jina limeingia kabla ya mgonjwa kupona. Aliyelileta ndani ndiye alitoe. Aje yeye mwenyewe, ambebe mgonjwa kwa mikono yake, amvushe kijito, alitaje huko, amrudishe. Mimi nilisema nililitaja mimi, nitambeba mimi. Mjomba akakataa, akasema mdomo ulikuwa wako lakini neno lilikuwa la Hezekia. Mama aliitikia kwa kichwa.

Sikuandikii kukuuliza kama unaamini. Mimi mwenyewe nafundisha kuchemsha maji. Nakuambia kwamba Mama ameacha kula, na kuna jambo moja tu lililobaki ambalo amelikubali, nalo haliwezi kufanywa na mtu mwingine. Ukinijibu kwamba kazi imekubana, barua hiyo sitaisoma.

Nina hofu. Ukiona mwandiko unayumba usidhani ni gunia.

Yunis


Dar es Salaam,
15 Machi 1973

Dada,

Usisome hii ndani ya nyumba.

Naja. Nimepata ruhusa kwa mwenyekiti. Nilimwambia mama yangu anaumwa, akaniuliza anaumwa nini, nikashindwa kulitamka mbele yake. Mimi niliyelitamka ofisini wiki nzima.

Nitashuka Mombo Jumamosi. Kama mvua imeharibu barabara nitapanda kwa miguu. Mwambie Mama njia ninaijua.

Usiku na mchana nasoma barua yako ya mwezi wa pili. Jembe la mpini wa mchungwa. Sijui nilikuwa nasoma kwa macho gani.

Hezekia


Dar es Salaam,
2 Aprili 1973

Dada Yunis,

Shikamoo. Nimefika salama, ila viatu nimevitupa. Tope la barabara ya Soni halikutoka.

Ofisini wameniuliza mama anaendeleaje nikasema vizuri, nikafungua jalada langu. Nimekaa mbele ya jalada hilo tangu asubuhi. Wewe ulikuwepo na uliona yote, lakini nataka kuyaandika, na ofisi nzima hii hakuna mwingine wa kumwandikia.

Nilipomwinua kitandani nilijiandaa kwa uzito. Nilipanga miguu kama mtu anayenyanyua gogo. Kumbe hakuna kitu, dada. Yule mwanamke aliyekuwa ananibeba mimi na mzigo wa kuni pamoja, nilimnyanyua kama nguo iliyoanikwa. Nikaogopa kumbana upande wa kushoto, nikambeba vibaya, akaniambia sikioni, "Hata mtoto hujui kubeba, wajukuu wa kwako nitawapata lini?" Nikajua bado yupo.

Ukungu ulikuwa haujapanda. Nilikuwa nimesahau kwamba ukungu wa kwetu una harufu, moshi wa kuni za miwati na majani yaliyolowa. Ulitangulia na ile ngozi ya Baba mkononi, Mjomba nyuma na fimbo, Mwajuma amesimama mbali na kanga mdomoni. Nilijiona mjinga. Nasema kweli. Nikawaza yule kijana wa Ulaya angeniona, mwandishi wa kitabu cha afya, suruali nimekunja magotini, navuka kijito na mama mikononi. Maji yaliponishika miguu kwa ule ubaridi wake, nikaacha kuwaza ofisi. Nikakumbuka hapo ndipo tulipokuwa tukioga Jumamosi kabla ya kanisa, naye amekaa kwenye lile jiwe anatusugua visigino.

Nilimkalisha kwenye jiwe lile lile. Mjomba akasema, "Sema." Nikasema. Mkanda wa jeshi. Sauti haikutoka vizuri, akaniambia niseme tena. Nilitegemea jambo fulani, sijui jambo gani. Mama akavuta pumzi akasema, "Haya. Sasa nieleze hiyo nusu yako."

Nikamweleza. Nilimchorea kwa kidole hewani, kutoka uti wa mgongo mpaka katikati, nikamwonyesha mahali unapoishia. Akafunua kanga akatazama mwenyewe, kama anakagua mboga. Akasema kweli haukuvuka. Akauliza kama Wayunani nao walikuwa wanakufa ukikutana. Nikasema haukutani, Mama, haukutani kwa mtu yeyote niliyesikia. Akakaa anatazama bondeni, mashamba ya watu, paa la kiwanda cha mbao. Akasema ana njaa.

Bada aliyokula siku ile sitaisahau. Na jembe, Mwajuma alilirudisha kabla hata sijanawa miguu.

Sikumwuliza lile swali. Siku nne nyumbani, na nilichotumwa na kamati nikakisahau kabisa. Nilikuwa nalima naye bustani ya vitunguu, au tuseme nalima yeye ananisahihisha. Sasa yuko mzima na jina limeshatolewa nje, muulize. Jeshi la nani?

Nimemwona amezeeka. Nilikuwa na picha yake kichwani ya siku ya mazishi ya Baba, nikadhani picha hiyo inanisubiri.

Mdogo wako,
Hezekia


Shume,
15 Aprili 1973

Mwanangu Hezekia,

Anayesema ni mimi mama yako. Anayeandika ni Yunis, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee Kiswahili changu.

Ubavu unaniuma bado, lakini kwa vipindi. Unaniuma, unaniacha nalima, unaniuma. Sweta lako navaa.

Umeuliza jeshi la nani. La Mjerumani, halafu la Mwingereza aliyekuja kumfukuza. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo haya ni ya mama yangu, bibi yako. Askari walipanda kutoka Mombo wamejifunga mikanda ya risasi hapa mbavuni, risasi zimejipanga, nene, zinang'aa. Mama yangu aliziona kwa karibu maana walisimama uani kwake kutafuta wanaume wa kubeba mizigo. Walimchukua kaka yake, Shekiondo. Alikuwa anakula. Aliacha chakula chake kwenye kibuyu, na mama yangu alikaa na kibuyu kile miaka. Shekiondo hakurudi. Baada ya vita mwanamke mmoja wa hapa akatokwa malengelenge ubavuni, nene, yamejipanga vile vile, watu wakasema huu ni mkanda wa jeshi. Kwetu huku nimeambiwa hivyo. Kwa Bwana Omari sijui, akaulize kwao Pangani. Na hao Wayunani labda walikuwa na vita vyao.

Na kutolitaja ndani kunatoka huko huko. Siku zile mtu akisema jeshi ndani ya nyumba, maana yake mmoja wa nyumba hiyo anaondoka. Watoto walifundishwa, ukiwaona wanakuja usipige kelele ndani, wakasikia kuna watu. Toka nje, vuka kijito, kaseme huko, walioko mashambani wakimbilie msituni. Vita vikaisha, jina likabaki la nje. Mama yangu hata alipokuwa mzee kabisa alikuwa akilisikia anahesabu watu waliomo chumbani. Nilimwona mimi.

Hayo weka kwenye kitabu, au usiweke. Ila weka kwamba ni nusu. Weka kwa herufi kubwa.

Sasa kuna la kwako peke yako.

Nilipoona malengelenge niliogopa kufa, sikatai. Nilikataza usiambiwe kwa sababu nilijua utajibu nini. Pasaka kazi, Krismasi kazi. Nilisema ni afadhali nife bila kuambiwa kazi. Ndipo Yunis akasoma barua yako mlangoni, na lile jina likatoka. Yunis aliniona nimegeukia ukutani akadhani nimekata tamaa.

Niligeukia ukutani ili asinione ninacheka.

(Hapa mimi Yunis niliweka kalamu chini. Ameniambia niichukue.)

Nilijua mila. Aliyelileta ndani ndiye alitoe. Hakuna barua ya kujibu hapo, hakuna mwenyekiti, lazima mtu aje na miguu yake. Nikasubiri uandike tena, labda utaelewa mwenyewe, hukuelewa, nikamwita Nikodemo.

Habari ya kutokula, nilikuwa nakula. Si sana, maumivu yalikuwa yanafunga koo, lakini Mwajuma alikuwa ananiletea uji wake Yunis akiwa shambani, na ule wa Yunis nauacha pale pale upoe. Mwajuma alihofia dhambi ya uongo, nikamwambia yeye hakusema lolote, amebeba kibuyu tu.

(Jana niliweka kalamu chini tena, leo ndipo tunaendelea. Heze, nililia juu ya gunia la kabichi la mwanamke huyo huyo, naye alikuwa ananipigapiga mgongo. Leo asubuhi nimepita kwake sikumsalimia. Jioni nitamsalimia.)

Usinikasirikie. Mimi sijawahi kumwita mtoto wangu kwa kumlilia, na sitaanza uzeeni. Lakini nilikuwa nataka kukuona. Nilikuwa nataka sana. Ulipoingia mlangoni na tope mpaka kiunoni, bila viatu, ukasema shikamoo Mama kwa sauti ya baba yako, ubavu wote ulinyamaza.

Mama yangu aliliogopa lile jina mpaka anaingia kaburini, kwa sababu lilimtolea mtu nyumbani. Mimi limeniletea.

Yunis anasema karatasi imeisha. Ngozi ya baba yako tumeitundika mahali pake. Pasaka fanya kazi yako. Njoo mapea yakiiva tena, nitayafukia kwenye majani chini ya kitanda, na safari hii nitahesabu. Usingoje niugue.

Chini hapa jina langu naandika mwenyewe, Yunis ameachia kalamu.

ESTA